Mafuta yakipanda bei, anayefaidi ni mnunuzi wa Dubai au mwenye Fuso wa Tunduma?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina ekari nne za parachichi Rungwe na Fuso moja inayopiga Mbeya–Tunduma. Parachichi zangu huchukuliwa na kampuni inayopeleka Dubai. Kila mafuta yakipanda duniani mimi nalia na dizeli, halafu najiuliza: si hawa hawa Waarabu ndio wanaouza mafuta? Wakipata pesa zaidi, mbona bei ya parachichi haipandi? Na Nigeria wana mafuta, mbona nasikia wanaagiza petroli na mchele? Gesi yetu ya kusini ikianza kuuzwa nje, na sisi tutakuwa hivyo?"

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza manne kwa pumzi moja, na yote yanashikana. Naanza na Fuso, maana huko ndiko kunakouma.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta. Bei ile haikuamuliwa jana. Inafuata soko la dunia la mwezi mmoja au miwili iliyopita, juu yake zinawekwa gharama za meli, bandari, kodi na tozo, na mwisho kabisa usafiri wa kutoka pwani hadi huku kwetu. Ndiyo maana lita ya Mbeya ni ghali kuliko ya Temeke. Tuseme safari ya Tunduma kwenda na kurudi inakula lita 60. Dizeli ikipanda shilingi 300, umepoteza 18,000 kwa safari. Kwa safari kumi na mbili za mwezi ni 216,000, na wenye mizigo pale sokoni Soweto, Mbeya, hawatakuongezea hata buku mpaka madereva wote wagome kwa pamoja, jambo ambalo mimi sijaliona likidumu wiki.

Hiyo ni dizeli tu. Nenda duka lolote la pembejeo pale Uyole, uombe kugeuza mfuko wa urea usome maandishi ya nyuma. Utakuta nitrojeni asilimia 46, na chini kidogo nchi ulikotengenezwa. Usishangae ukikuta ni nchi ya Ghuba. Urea haichimbwi kama chumvi. Inatengenezwa kwa gesi asilia: gesi hutoa haidrojeni, haidrojeni huunganishwa na nitrojeni ya hewani kuwa amonia, na amonia ndiyo inayogeuzwa kuwa zile punje nyeupe. Kwa hiyo Qatar, Oman na Saudi Arabia, zenye gesi na mafuta kwa wingi, ni wauzaji wakubwa wa mbolea. Hata kreti za plastiki unazovunia parachichi zimetokana na mafuta na gesi, ingawa zimefinyangwa kiwandani Dar.

Kwa hiyo unanunua kwao mara tatu: kwenye tenki, shambani na kwenye kreti. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha kila kitu, lita ya mafuta ilivuka shilingi 3,000 na serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mfuko wa urea wa kilo 50 ulikuwa umevuka 120,000. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa hapa hapa kwetu, viwanja vya John Mwakangale, siku ya Nane Nane, na mfuko ukashushwa hadi 70,000. Tuliokuwa pale tulipiga makofi, lakini ile tofauti haikufutika. Ilihamia Hazina, na Hazina nayo hujazwa na kodi zako na zangu.

Sasa mnunuzi wako. Wewe unamwona kama Mwarabu mwenye kisima. Si yeye. Ni mfanyabiashara wa matunda, yawezekana Mhindi au Mkenya, mwenye chumba cha baridi na mkataba na duka kubwa. Mafuta yakipanda, fedha inaingia kwa kampuni ya taifa ya mafuta na serikali. Yeye hapati hata senti siku hiyo. Dirhamu, sarafu ya Dubai, imefungwa kwenye dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja. Riali ya Saudi Arabia imekaa 3.75 tangu 1986. Mafuta yawe dola 40 au 120, dirhamu mkononi mwake inanunua dola zile zile, na mteja wake analipa bei ile ile kwa tunda. Bei ya parachichi inaamuliwa na parachichi wenzake: Kenya wamevuna kiasi gani, Afrika Kusini wameingia sokoni lini, Peru wameshusha meli ngapi Ulaya.

Faida yako ipo, ila inazunguka. Serikali ya Ghuba ikipata fedha inajenga. Ikijenga inaleta wafanyakazi kutoka India, Pakistan, Bangladesh na Ufilipino, hoteli zinajaa, na watu wale wanakula. Mchele, vitunguu, nyama ya mbuzi na matunda vinahitajika zaidi. Hilo huchukua mwaka, pengine miwili. Hasara inakuja na basi la usiku, faida inakuja kwa miguu. Ndiyo maana unalia kwanza.

Lakini nikurekebishe kitu kimoja, maana wakulima wengi wa Rungwe na Njombe wanakisema na si sahihi. Wanadai dizeli ya kusafirisha kontena kwenda bandarini ndiyo inayoua bei ya parachichi. Hebu piga hesabu. Kutoka Tukuyu hadi Dar ni kama kilomita 900. Lori lenye kontena la baridi tuliwekee lita 400 kwenda na 400 kurudi, tena nimekuwa mkarimu kwenye kurudi. Dizeli ikipanda 300, hiyo ni 240,000. Kontena lina tani 20 na ushee. Gawanya: shilingi 12 kwa kilo. Anayekupunguzia shilingi 200 kwa kilo kwa kisingizio cha dizeli anakula zilizobaki. Kinachoweza kusukuma bei kweli ni nauli ya meli, na hiyo ina mambo yake: kontena la Ulaya linapita mlango wa Bab el-Mandeb, Bahari ya Shamu na Suez, ambako tangu mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen yalizifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Kontena la Dubai halipiti huko kabisa. Linapanda Bahari ya Hindi na kuingia mlango wa Hormuz, ule ule ambao kwa kawaida hupitisha kama moja ya tano ya mafuta yote yanayotumika duniani. Mwenye kukueleza kwamba bei ya Dubai imeshuka kwa sababu ya Bahari ya Shamu, mwombe akuoneshe ramani.

Kwa nini wananunua chakula kabisa badala ya kulima, na pesa wanayo? Walijaribu. Saudi Arabia iliingia kwenye ngano kwa nguvu kuanzia miaka ya mwisho ya 1970. Serikali ililipa wakulima bei ya juu mno kuliko ya dunia, ikachimba visima virefu jangwani, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ile ya mchanga ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Maji yale yalikuwa ya kale, yaliyokaa chini ya ardhi maelfu ya miaka bila mvua ya kuyarudisha. Mwaka 2008 serikali ikaamua kupunguza kidogo kidogo, na 2016 ikanunua mavuno ya mwisho ya mpango ule. Baadaye waliruhusu kilimo kidogo tena, lakini somo walikuwa wamelipata: ni nafuu kuuza mafuta na kununua ngano kuliko kuuza maji ya mababu kwa umbo la ngano. Mwaka 2014 kampuni yao ya maziwa, Almarai, ilinunua shamba jangwani Arizona, Marekani, kwa dola milioni 47.5, ili kulima majani ya ng'ombe na kuyasafirisha kwa meli hadi Saudi Arabia. Ng'ombe yuko kwao, maji ni ya Wamarekani.

Ukiangalia hivyo, unachouza Rungwe ni mvua. Huko kwenu inanyesha mpaka mtu anasahau nguo kwenye kamba siku tatu. Hilo Dubai hawawezi kulichimba, na ndiyo sababu naamini soko lako lina mizizi mirefu kuliko la mtu anayewauzia vioo vya maghorofa.

Nigeria sasa ni hadithi nyingine, na hapa nitakaa kidogo maana ndiyo inayotuhusu zaidi.

Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956 na kuanza kuuzwa nje 1958. Wakati huo Nigeria ilikuwa inasifika kwa mawese, kakao, na karanga za Kano zilizopangwa kwa magunia hadi kufanana na piramidi. Mwaka 1973 na 1974 bei ya mafuta ikaruka kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi karibu 12. Fedha ikamiminika. Serikali ya kijeshi ikaagiza saruji ya kujengea kila kitu: tani milioni 20 hivi, wakati bandari ya Lagos iliweza kushusha sehemu ndogo sana ya hizo kwa mwaka. Mwaka 1975 meli zaidi ya 400 zilikuwa zimetia nanga nje ya Lagos zikisubiri zamu, nyingi zikiwa na saruji, na kila meli ikidai fidia kwa kila siku ya kusubiri. Saruji nyingine ikagandia humo humo melini. Wewe unaijua foleni ya Tunduma, malori yamejipanga hadi unachoka kuhesabu. Ifikirie foleni hiyo baharini, na mwenye mzigo ndiye anayelipia kila siku ya kila lori.

Ajali ile ilikwisha, ila mfumo ulibaki. Dola za mafuta zikiingia kwa wingi, naira, sarafu ya Nigeria, inakuwa na nguvu. Naira ikiwa na nguvu, mchele wa Thailand unakuwa rahisi Lagos kuliko mchele wa Kebbi, jimbo la huko huko Nigeria. Mkulima wa karanga akiuza nje, dola zake zinabadilishwa kuwa naira chache zaidi, huku kibarua wake amekimbilia mjini kwenye ujenzi. Hafukuzwi na mtu. Anakuta tu hesabu haifungi. Wachumi wanauita ugonjwa wa Kiholanzi, kwa sababu Uholanzi iligundua gesi nyingi Groningen mwaka 1959 na viwanda vyake vingine vikaanza kudhoofu.

Wewe huna haja ya Uholanzi, unayo Chunya. Waulize wazee wa Lupa. Dhahabu ikitoa, kibarua wa kupalilia mahindi hapatikani au anataka hela ya mgodini. Duka linajaa bia, soda na nyama, mahindi yanaletwa kwa lori kutoka kwingine. Dhahabu ikikata, mashamba yamekuwa pori na vijana wamesahau jembe. Nchi inayouza mafuta ni Chunya yenye bendera na kiti Umoja wa Mataifa.

Na petroli? Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuwa na mafuta ghafi hakukupi petroli, kama vile kuwa na mpunga shambani Kyela hakukupi ubwabwa. Lazima kiwepo kinu, kifanye kazi, na bei iruhusu. Nigeria ilikuwa na viwanda vya serikali vya kusafisha mafuta Port Harcourt, Warri na Kaduna, na kwa miaka mingi vilifanya kazi kwa kusuasua au vililala kabisa. Serikali ilikuwa inafidia bei ya petroli ili iwe rahisi pampuni, na bei ikiwa chini ya gharama, hakuna mwenye akili anayejenga kinu. Petroli ikaletwa kutoka bandari za Ulaya kama Amsterdam na Antwerp, huku mafuta ghafi ya Nigeria, mepesi na yenye salfa kidogo, yakienda Ulaya na India kusafishwa. Sehemu ya petroli yenye fidia ikavuka mpaka kwa madumu kwenda kuuzwa Benin kando ya barabara. Fidia ilifutwa Mei 2023. Kiwanda cha Dangote karibu na Lagos, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilizinduliwa mwezi huo huo, kikaanza kusafisha Januari 2024 na kutoa petroli Septemba mwaka huo.

Upande wa pili wa shilingi ni India. Haina mafuta yanayotosha hata nusu ya mahitaji yake. Lakini pale Jamnagar ina mitambo mikubwa kuliko yote duniani ya kusafishia mafuta, inanunua ghafi kutoka Iraki, Saudi Arabia na kwingine, na kuuza dizeli nje, Dar es Salaam ikiwemo. Dizeli ya Fuso yako inaweza kuwa imetoka kwa nchi isiyo na visima vya maana. Sisi nasi tulikuwa na kinu, TIPER pale Kigamboni, tangu 1966. Kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na sasa ni matenki ya kuhifadhia. Na lile bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, lililojengwa 1968 kutoka Dar hadi Ndola, lilikuwa likipeleka mafuta ghafi kwa kinu cha Wazambia. Tangu 2023 linapeleka dizeli iliyokwisha kusafishwa. Inapita nyanda zetu hizi, chini ya miguu yetu, na sisi tunasubiri ya kwetu ipande Kitonga kwa lori. Hilo huwa linanikera kila nipitapo Makambako, lakini tuliache.

Mchele wa Nigeria nao una mlango wa nyuma. Benin, nchi ndogo, huagiza mchele mwingi kupita kiasi cha watu wake, na sehemu kubwa huvuka mpaka kimya kimya. Cotonou, bandari ya Benin, ni Tunduma yao. Bei ya mafuta ilipoanguka kuanzia katikati ya 2014, kutoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya 30 Januari 2016, dola ziliadimika Abuja. Juni 2015 benki kuu ikatoa orodha ya bidhaa 41 ambazo mwagizaji hawezi kupewa dola za benki kuziagiza, mchele ukiwemo. Agosti 2019 wakafunga mipaka ya nchi kavu hadi Desemba 2020. Orodha ile iliondolewa Oktoba 2023.

Angola ni vile vile, pengine kali zaidi, kwa kuwa mafuta ni karibu kila wanachouza nje. Sarafu yao inaitwa kwanza, lakini dola zikikauka ndiyo inakuwa ya mwisho: baada ya 2014 iliporomoka, na waagizaji wakawa na mteja dukani, na fedha benki, ila hawana dola za kumlipa muuzaji wa nje. Mizigo ikakaa.

Hapa ndipo ninapotaka ushike, kwa sababu ni biashara yako. Usiniulize nchi gani ina mafuta. Niulize nchi gani bado inalipa mafuta yakianguka. Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Kuwait zina akiba nono na sarafu iliyofungwa kwenye dola. Bei ikianguka zinapunguza miradi, haziachi kula. Nigeria na Angola zinafunga bomba la dola, na wa kwanza kubaki na ankara mkononi ni muuzaji mdogo wa mbali. Dubai yenyewe imebakiwa na mafuta kidogo sana. Inaishi kwa bandari ya Jebel Ali, iliyofunguliwa 1979, kwa ndege, na kwa kununua hapa na kuuza pale. Parachichi yako inaweza kushuka Jebel Ali leo na wiki ijayo iko Muscat au Doha, ikiwa imeongezewa bei njiani.

Kuhusu gesi yetu: tunatajiwa futi za ujazo trilioni 57, nyingi kwenye kina kirefu cha bahari ya Lindi na Mtwara, na mipango ya kiwanda cha kuigeuza kuwa kimiminika iko Lindi. Je, tutakuwa Nigeria? Kwa ukubwa, hapana. Dhahabu, utalii, korosho na mazao yetu havitafunikwa na gesi kama karanga za Kano zilivyofunikwa. Ila shilingi ikipata nguvu ya ghafla, wa kwanza kuumia ni wewe ambaye zao lako huuzwa nje kwa dola huku unalipa vibarua kwa shilingi. Norway walipoona hatari hiyo walianzisha mfuko mwaka 1990, fedha ya mafuta ikawekezwa nje ya nchi, na serikali ikajiwekea kanuni ya kutumia takriban asilimia 4 tu ya mfuko kwa mwaka, ambayo 2017 ilishushwa hadi 3. Hawakufanya hivyo kwa ubahili. Fedha ikikaa nje, haipandishi krona wala haimfukuzi mvuvi wa samaki wa Bergen. Ukisikia wabunge wetu wanajadili mapato ya gesi, sikiliza kama wanasema itawekwa wapi, kabla ya kusikiliza wanasema ni kiasi gani.

Turudi shambani. Kabla hujasaini msimu ujao, muulize huyo mnunuzi bei yake inaishia wapi: langoni kwa kiwanda cha kufungashia pale Rungwe, bandarini Dar, au Jebel Ali? Kama inaishia Jebel Ali, kila tetemeko la nauli ya meli ni lako. Iishie Rungwe, na iandikwe wazi kwenye mkataba. Urea nunua mapema, kabla ya msimu wa mvua, siku ambayo hakuna anayeitafuta. Na Fuso, kabla hujalalamikia EWURA, niambie hiki: ukitoka Tunduma kurudi Mbeya, unarudi na nini?